Mchele wa Hitima ya Idarous

Saltley, Birmingham
3 Oktoba 1974

Idarous, mume wangu usiye na haya,

Ulisema miezi mitatu. Mimi nimekaa kwenye kiti changu cha jikoni, wewe umesimama na mkoba begani, nikakuuliza unarudi lini, ukasema, "Bibi, kabla ya Ramadhani nipo." Ramadhani hii imefika katikati. Sambusa zako nazila mwenyewe na tumbo linanisumbua. Watu huondoka, sikatai, lakini hurudi. Hata paka wa jirani yetu Jasumati alipotea akarudi, tena kaja na watoto. Wewe paka kakushinda?

Haya, nimeshakugombeza, sasa nikuamkie. U mzima? Unalala? Ile miguu yako inayoshika baridi unaifunika? Mimi sijambo, magoti tu ndiyo hatusikilizani. Baba yako Sheikhani yuko na magari moshi yake Tyseley, anarudi jioni mweusi kwa grisi. Tangu uondoke hataji jina lako mbele yangu, lakini nikipita nyuma ya mlango wake namsikia anakutia kwenye dua.

Anayeandika ni Kerubo, mpangaji wetu wa chumba cha juu, muuguzi mwenzako. Unajua mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyotoka, asinipambe. Mkisii huyu Kiswahili chake kina mawe ndani, ila mkono wake mzuri.

(Nyanya ananionea, Idarous. Wadi yote inakusalimia. Kerubo.)

Sasa sikiliza. Rebwar nampenda, Mungu shahidi. Alikaa chumba cha nyuma miaka minne akisomea mambo ya chuma, akala wali wangu, akaniita Daya, mama kwa Kikurdi chao. Baghdad ilipowaahidi Wakurdi watajitawala kwenye milima yao, nilimpikia halua. Ahadi ilipogeuka na vita vikaanza, nikamfungia nguo zake arudi kwao, maana mtu kwao hakukataliwi. Na wewe ukasema utamfuata ukafunge vidonda vya watu. Kufunga vidonda sikulaumu. Nakulaumu kwa kukaa.

Na ile barua yako moja, hiyo moja tu, imesema mizinga mnapewa na mfalme wa Irani, na nyuma yake wako Wamarekani. Umeliandika hilo kwa furaha. Mimi niliposomewa, uji ulinikwama kooni. Kwa nini ulinikwama, nitakwambia siku yake.

Nimekutumia kifurushi kwa anwani ile ya duka la binamu yake Rebwar, Naghadeh, upande wa Irani. Mna soksi, iliki, na doti ya kanga ya mama yake Rebwar. Jina lake linasema MZAZI MWENZANGU, LAKO NI LANGU. Mfasirie. Na wewe usijifunge nayo kichwani ukawachekesha watu.

Bibi yako,
Bi Shekuwe


Choman, milimani Kurdistani
18 Novemba 1974

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza na mkali kuliko wote watakaokuja,

Nashika miguu yako. Magoti nayo nayapa pole. Ni mzima, Alhamdulillahi, na soksi ninazo miguuni wakati huu naandika. Mwambie Baba kwamba sauti yake ya dua inafika.

Nisamehe kwa kimya. Hospitali yetu ni jengo la skuli na mahema mawili, na hewa ikiwa safi tunahamia pangoni kwa ajili ya ndege. Kule kwetu watu hufurahia jua. Hapa asubuhi ikitoka ukungu wanashikana mikono, kwa sababu rubani haoni. Juzi mtoto mmoja aliniuliza kama Birmingham kuna ukungu. Nikamwambia tunao wa kuuza.

Mama yake Rebwar anaitwa Gulizar, nami namwita Daya kama yeye alivyokuita wewe. Ni mfupi, anavuta sigara kama bomba la kiwanda, na ananilisha mkate na mtindi mpaka natamani pilipili. Kanga nimemfasiria. Aliinyosha mapajani akazipapasa zile herufi, akasema, "Mwambie nimesikia." Moja anajifunga kiunoni, ya pili ameificha sandukuni.

Kuna kichekesho. Jina langu la Kiarabu na Kiarabu changu cha Aden ulichonifunza wewe, vyote vimenifanya niitwe Arabu. Mwanzo watoto walinikimbia. Na kuna Mwarabu mwingine, huyo wa kweli, Dakta Jabbar wa Basra. Alikuwa jeshini, akatoroka, akasema hakusomea udaktari ili awafuate wapiga mabomu. Basi mgonjwa akiita "Arabu!" tunageuka wote wawili. Kijijini mmoja wetu akifanya kosa, wote tunasemwa.

Nikiondoka mimi, anabaki Jabbar na wasichana wawili. Ndiyo sababu nimekaa, Bibi, si kwamba nimekusahau. Rebwar yuko mstari wa mbele. Anasema marafiki zetu ni wakubwa mno kuweza kushindwa.

Mjukuu wako,
Idarous


Saltley
9 Desemba 1974

Mume wangu,

Barua imefika, nimesomewa mara tatu, ya tatu kwa sababu Sheikhani alikuwa koridoni anajifanya anatafuta mwavuli. Afya zetu nzuri. Yako naiombea.

Ulikwenda kutafuta vita, na huku nyuma vimekuja mjini. Mwezi uliopita mabomu yaliripuka kwenye mabaa katikati ya mji, vijana wengi wakafa, wamekaa tu wanakunywa na kucheka. Kerubo aliitwa hospitali usiku ule, akarudi kesho yake mchana, akakaa kwenye ngazi na koti lake. Nikamvua viatu mwenyewe. Wanasema ni watu wa Ayalandi wanagombana na Waingereza. Basi wenye hasira wakenda kumvunjia kioo mama wa Kiayalandi wa nyumba ya pembeni, anayefua nguo za watu. Yeye kamlipua nani? Nikamwita jikoni. Hajui Kiswahili, mimi Kiingereza changu cha dukani. Alilia, nikampa uji, akaumaliza. Ndivyo tulivyozungumza.

Sasa nikwambie kwa nini uji wangu mimi ulinikwama.

Mwaka sitini na saba wewe ulikuwa huku kwa baba yako, mimi nilikuwa Aden kwa kaka yangu Mbaraka. Alikuwa mlinzi wa ghala la jeshi la Waingereza. Walimpenda. Walimpa kofia, walimpa saa, mkubwa wao akamwambia, "Mbaraka, sisi na wewe ni kitu kimoja." Na wale waliokuwa wakipigana nao walikuwa na wakubwa wao vilevile, bunduki zao nazo zilikuwa na mwenyewe ng'ambo. Siku moja London ikaona Aden ina gharama. Tukasimama juu ya dari tukaziona helikopta zinachukua askari wa mwisho kupeleka melini. Mbaraka hakuchukuliwa. Aliachiwa kofia. Hata wiki haikwisha akaitwa mlangoni kwa jina lake na watu aliokua nao, na mimi ndiye niliyeosha kizingiti.

Sikusoma, Idarous, lakini hilo nimelisoma. Mkubwa akikushika mkono, anakushika kwa haja yake, na haja yake ikisha mkono anaachia palepale ulipo, hata kama upo juu ya shimo. Mwarabu ameachiwa hivyo, na Mkurdi ataachiwa hivyo.

Kwa hiyo hili si ombi. Mizinga ya marafiki ikinyamaza, usingoje mtu akueleze sababu. Mchukue aliye karibu na mkono wako mwondoke.

Bibi yako


Choman
11 Februari 1975

Bibi,

Nakuamkia kwa haraka, mchukua barua yuko mlangoni na nyumbu wake. Mimi mzima. Theluji imeziba njia na ndege haziji, kwa hiyo tumelala wiki nzima kama watu.

Rebwar alishuka siku moja. Amekonda, ndevu zimemjaa, cha kwanza alichouliza ni kama bado unatia pilipili kupita kiasi. Nikamsomea maneno yako kuhusu Aden. Akasema, "Daya hajakosea bado hata siku moja, na mimi naomba leo akosee."

Atakuja muuguzi wa kunipokea baada ya Nowruzi, mwaka mpya wao, mwishoni mwa Machi. Hapo nitakuja, Bibi, nakuapia. Daya Gulizar anakufumia soksi za sufu nyekundu. Anasema za kwako zimefumwa na mtu asiyejua baridi.

Mjukuu wako,
Idarous


Saltley
30 Machi 1975

Idarous,

Salamu utazikuta mwishoni nikikumbuka.

Kerubo ananisomea gazeti kila siku akirudi kazini. Irani na Iraki wamekutana Aljeria wamekumbatiana. Irani imepewa nusu ya mto, na kwa nusu ya mto imewauza watu wa milima. Mizinga imeondolewa, mpaka unafungwa, na Wamarekani kama hawakuwahi kuwapo. Kofia ya Mbaraka, Idarous. Ndiyo hiyo hiyo.

Imenyamaza. Ondoka. Usifunge mzigo.

Bibi yako

U mzima?


Saltley
7 Julai 1975

Idarous,

Nakuandikia kwa sababu uko hai. Wengine hapa hawaandiki.

Sisi wazima wa mwili. Barua ya mwisho kutoka kwako ni ile ya Februari. Wiki mbili nyuma alikuja kijana wa Kikurdi anayesoma London, mpole, amevua viatu mlangoni. Akamwambia baba yako kwamba amesikia kwa watu waliovuka mpaka: Arabu wa hospitali ya Choman aliuawa na ndege mwezi wa Machi, barabarani, anapakia majeruhi. Sheikhani alikuwa na kikombe mkononi. Hakukiangusha. Alikiweka mezani polepole sana, hapo ndipo nilipojua amevunjika.

Jumamosi wakaja watu wa msikiti kusoma hitima yako. Sheikhani alikwishakwenda Alum Rock Road, kanunua gunia la mchele mzuri, nyama ya mbuzi, vitunguu. Alitaka pilau ya kuwalisha wasomaji, ukaagwe kama mtu mwenye watu. Nikamsubiri aende kufungua mlango. Nikaliburura lile gunia nikalitia chini ya ngazi, nikalikalia.

Kurani sikuizuia, Mungu apishe mbali. Kusomwa ni baraka hata kwa aliye hai, na wewe una haja nayo. Lakini hitima bila pilau ni watu wamekutana kusoma tu. Nani asiyejua?

Sheikhani akaja. "Mama, ondoka hapo, wageni wamejaa."

"Wape chai."

"Mama, mwanangu amekufa!"

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Umemwosha?"

"Mama..."

"Umemkafini, umemzika, umetia mchanga? Basi mchele wa nini?"

Akatoka kwa hasira akaazime sufuria kubwa kwa Jasumati, anunue mchele mwingine. Kuta zetu nyembamba, nilimsikia Jasumati kwa sauti yake ya Kampala: "Bwana Sheikhani, hii sufuria toka nazaliwa haijaona nyama, na leo haiwezi anza na mtu ambaye Bi Shekuwe nasema yuko hai." Akafunga mlango. Nimemsamehe paka wake.

Wasomaji walikunywa chai wakala tende, wakaondoka wananitazama kwa huruma, kikongwe kaingiwa na wazimu. Sheikhani alirudi akaketi ngazi ya chini, mbele yangu. Kisha akaweka kichwa chake mapajani mwangu, lile dume zima lenye grisi, akalia. Hajalia mbele yangu tangu ametahiriwa. Nikampapasa mpaka akalala. Gunia likaniumiza matako, sikuondoka.

Usidhani sikuogopa. Niliogopa sana. Lakini baadaye nilimwambia Kerubo, nisomee tena ile ya Novemba. Akasoma: mgonjwa akiita Arabu, tunageuka wote wawili. Basi nikasema wawili wanageuka, mmoja ndiye aliyekufa, na yeyote aliye naye Mungu amrehemu. Mpaka nioneshwe kaburi lenye jina, mimi mchele siupiki.

(Idarous, nisamehe, mimi sijui niamini nini. Lakini naandika. Kerubo.)

Nyama tuliigawa, na mama wa Kiayalandi alipata fungu. Mchele uko chini ya ngazi. Unakungoja.

Bibi yako


Kambini karibu na Naghadeh, Irani
19 Agosti 1975

Bibi, Bibi, Bibi yangu,

Nashika miguu yako na gunia ulilolikalia. Ni mimi. Ni mzima. Mwambie Baba sasa hivi kabla hujasomewa zaidi.

Aliyekufa ni Jabbar. Alikuwa anapandisha mtoto kwenye lori. Mwarabu wa Basra amezikwa kando ya barabara ya Wakurdi, na wanawake wa Kikurdi ndio waliomlilia. Nilitaka kumwandikia mama yake, sijui hata mtaa.

Ulisema nisingoje kuelezwa. Ilipofika siku mizinga ya Irani inageuzwa kurudi kwao, niliikumbuka barua yako, nikakimbia nyumbani kwa Daya Gulizar. Rebwar alitukuta njiani. Watu wazima walikuwa wanavunja bunduki zao juu ya mawe na kulia kama watoto. Yeye ya kwake aliitupa mtoni, akamkumbatia mama yake, akaniambia, "Bibi yako alikuwa mama yangu. Sasa zamu yako." Akarudi nyuma kuwatafuta binamu zake. Hatujamwona tena. Hakuna aliyemwona hai, wala aliyemwona maiti.

Nilimpandisha Daya juu ya nyumbu, na pale nyumbu alipogoma, mgongoni kwangu. Hakunyamaza njia nzima, ananitukana ninavyokanyaga.

Sikukuandikia kwa sababu kambi ilifungwa, na duka la binamu lilifungwa, mwenyewe kajificha. Lilipofunguliwa juzi nikapewa barua zako zote pamoja. Nilimsomea Daya habari ya hitima kwa Kikurdi changu kibovu. Wanawake walikuwa wamekwisha kumvisha nguo nyeusi kwa ajili ya Rebwar. Akaniuliza, "Alilikalia? Kweli alilikalia?" Nikasema kweli. Akacheka, mara ya kwanza tangu Machi, kisha akalifungua lile shela jeusi, akalikunja, akalitia chini ya godoro. Akatoa kanga yako ya sandukuni akajifunga kichwani. Wanawake wenzake wamekasirika. Anawaambia kuna mwanamke Birmingham anayejua sheria.

Sasa lililobaki. Nimekwenda ofisi ya Waingereza Tehran. Pasipoti yangu ni nzuri, naweza kuondoka hata kesho. Yeye hana hata karatasi moja. Kambi hii inavunjwa. Wengine watatawanywa mbali ndani ya Irani, wengine warudishwe Iraki, na huko tunasikia watu wa milima wanapelekwa kukaa jangwani kusini. Ana miaka sitini na kitu, mapafu yake mabaya, hana mtu. Amenikataza nisikae. Anasema, nenda kwa bibi yako kabla hajazeeka.

Nipe amri, Bibi. Nimwache?

Mjukuu wako,
Idarous


Saltley
30 Oktoba 1975

Mume wangu mpumbavu, nuru ya macho yangu,

U hai. Baba yako alisoma barua yako mwenyewe, amesimama, halafu akaenda kazini na viatu visivyokuwa jozi. Kerubo alipiga kelele mpaka Jasumati akadhani moto. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo visafi.

Sasa hilo swali lako. Ningekuwa karibu ningekuzaba kofi, kisha nikubusu hapohapo. Nimwache? Kanga ilisemaje? Mimi nilinunua maneno yale kwa kupendeza rangi? Usithubutu kukanyaga mlango huu peke yako.

Tumekwenda serikalini, mimi, Sheikhani na Kerubo wa kunitafsiria. Nyuma ya meza kuna bwana mmoja kijana, shingo ndefu, ana adabu lakini hana masikio. Akauliza, huyu mwanamke ni nani kwenu? Nikasema, mzazi mwenzangu. Akauliza, watoto wenu wameoana? Nikasema hapana, wote wanaume. Akasema basi si ndugu. Nikamwambia, mwanawe kala kwangu miaka minne, wangu kala kwake mwaka mzima, akambeba mgongoni. Nyinyi hicho mnakiitaje? Akatazama karatasi yake, hakukikuta.

Akasema ni jambo gumu. Nikasema, bwana, mlipoondoka Aden lilikuwa rahisi. Mimi nilibaki naosha damu. Na Wakurdi wale mipaka yao hakuichora Gulizar, ilichorwa na wakubwa na kalamu zao, wewe ukiwa hujazaliwa. Sasa nafasi ya kikongwe mmoja imekosekana katika nchi nzima? Kerubo akataka kulainisha. Nikamwambia tafsiri yote, hata shingo.

(Shingo sikutafsiri. K.)

Nikakaa. Kukaa nakujua. Walipofunga, nikamwambia nitakuja Jumatatu. Nimekwenda Jumatatu zote tangu hapo, na kitambaa changu cha kufuma. Sasa wananiletea chai. Wanataka watu wa kuahidi kwamba mgeni atalazwa na kulishwa. Baba yako ametia sahihi, mimi nimetia dole gumba. Na wale wote waliokusomea hitima nimewafuata mlangoni mmoja mmoja: mlimzika mjukuu wangu, haya, tieni sahihi ya kumfukua. Hakuna aliyekataa. Jasumati pia ametia.

Kwa hiyo kaa naye. Wakitaka kumpandisha lori la kusini, nawe panda. Wakikuuliza yeye nani kwako, unalo jibu.

Bibi yako


Saltley
21 Machi 1976

Idarous wangu,

Telegramu yako nimeilalia chini ya mto. TUNAKUJA WOTE WAWILI BIBI. Kumbe unajua kuandika ukitaka.

Sisi wazima. Karatasi ya Gulizar ilipotoka, yule kijana wa shingo ndefu aliinuka nyuma ya meza akanipa mkono. Nikampa soksi. Usinicheke, mtu akifanya jema umfunike miguu.

Mwambie mzazi mwenzangu chumba chake ni kile cha nyuma, cha Rebwar. Vitabu vyake vya chuma viko palepale, na koti lake liko nyuma ya mlango, sikulitoa. Asilitoe naye. Habari zake tutaziulizia kwa kila Mkurdi anayepita nchi hii, na kwa kila ofisi, na mimi Jumatatu zangu sasa ziko tupu, ninazo za kutosha. Kama yu hai tutamjua. Kama ametangulia, tuoneshwe na tuambiwe na nani, sio tukisie. Kulia tutalia wawili, jikoni, kwenye joto. Peke yake asilie tena.

Uwaambie pia hao unaoagana nao kambini kwamba hawakusahauliwa Saltley. Wapo watu hapa wasioijua Choman kwenye ramani, na kila Ijumaa wanaitaja.

Sasa nisikilize vizuri, maana wewe husikia nusu.

Ukija, usipite mlango wa mbele. Mlango ule waliingilia watu wa hitima yako, wewe pitia wa nyuma, wa jikoni, umtangulize Gulizar. Viatu vueni hapo hapo. Usile chochote kwenye ndege, hata karanga. Usinikumbatie kwanza, nitaanguka. Nishike magoti niamke taratibu. Kisha vua koti ukunje mikono, uende chini ya ngazi ukaliburure lile gunia. Panya wamelijaribu, hawakufua dafu. Utachambua mchele wewe mwenyewe, punje kwa punje, Gulizar amekaa kwenye kiti changu anakusimamia, na pilau ya hitima yako uile mpaka ukoko.

Ila kabla hujaosha mchele, toa kibaba kimoja cha Rebwar, ukirudishe guniani, ulifunge, ulitie chini ya ngazi. Ndipo ukae unieleze kwa nini umechelewa.

Bibi yako